Ubeid, Mashine ya Ndera Inavuta Maji

Kumbukumbu ya Ubeid Godhana, 1990 – Septemba 2024

Umetimia mwaka, Ubeid mjukuu wangu, tangu figo zikushinde ukatutoka kule Malindi. Ninaandika polepole, macho yenyewe ni haya unayoyajua, na dada yako Sumayya ananisahihishia herufi. Maneno nimemkataza asiyaguse.

Miaka tisa uliishi Nairobi ukitengeneza injini za ndege ndogo, mpaka kampuni ikafunga wakati wa korona ukarudi kwetu Ndera na begi moja na ubao wako wa spana. Watu wakasema, "Amesomea ndege, huku atatengeneza nini, mwewe?" Ulicheka tu, ukashuka mtoni kuitazama mashine ya maji ya kikundi cha kina mama, iliyokuwa imelala kwenye matope. Uliniambia, "Bibi, ndege ni injini, mafuta, hewa na mtu asiyefanya haraka. Na hii ni hivyo hivyo, ila hii ikizima haianguki." Wiki ya pili mahindi yalikuwa yanakunywa.

Wakakuita Rubani. Ulichoka kuwaambia, "Mimi si rubani, ni fundi."

"Haya, Rubani fundi," Kaviha wa kikundi cha kina mama akakujibu, "leo tunaruka saa ngapi?"

Tunaukumbuka ubao wako. Kila spana uliichorea umbo lake kwa rangi nyekundu, ili pengo lionekane. Siku niliyochukua bisibisi ndogo nifungulie mkebe wa maziwa, ulipekua nyumba nzima hadi chini ya kitanda changu. "Bibi, kifaa kimoja kikipotea karakanani, ndege hairuki mpaka kipatikane." Nikakuambia, "Basi na iruke kesho, mume wangu, leo nakunywa chai." Ulikaa ukanywa na mimi, lakini bisibisi uliirudisha kwanza.

Tunalikumbuka daftari lako la kuwashia mashine. Mistari kumi na tisa. Mkeo Mwanasha anasoma, mwingine anagusa kitu chenyewe halafu anajibu, "Nimeona." Chujio liko juu ya matope? Nimeona. Nati zimekazwa? Nimeona. Kaviha alikuwa na mdomo mwepesi, anajibu hata mstari haujaisha, nawe unasema bila hasira, "Tuanze mwanzo." Kina mama thelathini wamesimama na majembe, jua linapanda, wanamrushia maneno: "Mwenye macho kisogoni huyo!" Walikasirika, lakini mashine haikuwazimikia hata msimu mmoja.

Ndiyo maana pale hospitalini hukuniuliza habari ya dawa. Uliniuliza, "Bibi, nikiondoka, mashine itakufa?" Nikakuambia haitakufa. Sikuwa na hakika, Ubeid. Nilitoka nje nikakaa kwenye benchi.

Na kweli ilisimama. Mwanasha aliingia eda, miezi minne na siku kumi, na ubao na daftari vilikuwa chumbani mwake. Hakuna aliyethubutu kumbishia hodi mwenye msiba akaomba spana. Kina mama walipanda kwa mvua ya Novemba, mvua ikakatika mapema. Kufika Januari mahindi yalikuwa kiunoni na majani yamejikunja. Wakabeba maji kwa ndoo, na mto wetu una mamba, unajua. Kaviha alikuja akakaa nami jikoni akinipigia hadithi za kuku wake, mpaka nikamuuliza, "Mwanangu, umekuja kwa ajili ya kuku?" Akalia.

Mwanasha akasikia toka ndani. "Mbona hamkuniomba? Eda ni yangu, si ya mashine!"

Akautoa ubao mlangoni, daftari akabaki nalo, maana mwandiko wako yeye peke yake ndiye anayeusoma. Wakashuka mtoni. Mashine ikanguruma, maji hayakuja. Fundi aliyeitwa kutoka Garsen akaitazama, akasema pampu imekwisha, watafute nyingine. Wengine wakaanza kujifunga leso warudi nyumbani. Hapo Kaviha akapiga simu.

"Mwanasha, tusomee."

Mimi nilikuwa nimekaa kando yake kitandani. Akasoma kwenye simu, kuanzia mstari wa kwanza.

"Mafuta yamefika alama?"

"Nimeona."

"Chujio?"

"Nimeona."

"Raba ya kiungo cha bomba la kuvuta, haijapasuka?"

Tukausikia mto, tukasikia mtu anakohoa.

"Kaviha, uko?"

"Niko. Nisubiri, naifungua." Halafu akasema, "Imepasuka. Imekauka kama ng'onda."

Miezi ya jua ile, Ubeid. Hewa ilikuwa inaingilia hapo. Wakakata raba nyingine kwenye tyubu ya baiskeli, wakaifunga, wakaijaza pampu maji, na Mwanasha akawaambia waanze tena mwanzo. Safari hii hakuna aliyerusha neno. Mstari wa kumi na tisa ulipoisha tulisikia injini, kisha maji yakipiga mferejini, kisha vigelegele mpaka simu ikakwaruza. Nilitaka kuwaambia wapunguze, hii ni nyumba ya eda. Nikamtazama mkeo. Alikuwa anacheka, machozi yanamshuka, daftari limemlalia kifuani.

Tulivuna katikati ya Ramadhani. Tulifuturu kwa mahindi yale, nikakuombea dua kabla sijatia chochote kinywani.

Mwanasha sasa ndiye fundi wa kikundi, na kijiji cha pili wamemwita awafundishe. Muuguzi wetu Christabel alisikia habari, akaandika mistari yake ya friji ya chanjo. Kila asubuhi mmoja anasoma, mwingine anatazama. Kumbe adabu ya ndege inaingia hata zahanati! Na Sumayya amepata nafasi ya kusomea hali ya hewa. Anasema watu hao hao wanaowapimia marubani upepo ndio wanaotuambia mafuriko yanakuja. Nimemwambia basi asome sana, sisi wa mtoni tuna haja naye kuliko hao marubani.

Miezi ile mashine iliponyamaza, nilikuwa nikishaswali alfajiri nakaa mlangoni, nimetega sikio upande wa mtoni. Siku hizi ikinguruma sikai. Narudi kitandani, najifunika leso, nalala mpaka waniamshe kwa chai.

Tunaokukumbuka ni mimi bibi yako Kabibi, baba yako Godhana, mkeo Mwanasha, dada yako Sumayya, na kina mama wa mashine ya maji, Ndera. Mwenyezi Mungu akulaze pema. Hutoki mioyoni mwetu, Ubeid, leo wala siku zote.