Mkata Mawe Aliyeandikwa Karani

4 Februari

Kwako Kaka,

Salamu. Mimi ni mzima, isipokuwa shingo, ambayo miaka ishirini na miwili ya kuinamia kurasa za watu na kusahihisha makosa yao imeipinda kama ndoano. Wewe sikuulizi hali. Najua hujambo, maana wenye karakana huwa hawajambo. Wanaougua ni wale wanaoshika mashine.

Kitinda alikuja kwangu Jumapili. Mdogo wetu huyu, aliyekuwa akibeba mfuko wa saruji begani huku anapiga mluzi, alisimama mara tatu kati ya geti na mlango wangu akijifanya anatazama simu. Simu ilikuwa imezima.

Amekwisha kumaliza dawa za kifua kikuu mara mbili, na sasa wamemwanzishia mara ya tatu. Makohozi yakipimwa hayana kitu, picha ya kifua ina madoa, basi wanarudi kwenye vidonge vilevile. Na wewe unampa nini? Pakiti ya maziwa kila siku saa nne, ati yasafishe kifua. Kaka, maziwa yanakwenda tumboni. Vumbi la mawe linakwenda mapafuni. Hata ng'ombe mwenyewe anajua njia hizo mbili hazikutani.

Weka maji. Jiwe likatwe likiwa limelowa, vumbi ligeuke tope lianguke chini. Ni mpira wa maji na pipa, si ufalme ninaokuomba ugawe.

Mdogo wako usiyependa kumsikia


16 Februari

Kwako mdogo wangu, msahihishaji wa dunia,

Salamu nimezipokea pamoja na matusi. Vyote viwili vimefika salama. Hapa tu wazima, mimi na mafundi saba na Kitinda wa nane.

Jiwe kubwa ulilowahi kuinua wewe ni kamusi, kwa hiyo nikueleze kitu. Fundi anachora mstari kwa penseli. Ukimwaga maji, mstari unafutika, fundi anakata kwa kukisia, ukingo unatoka na mapengo, mteja analikataa jiwe la meza yake ya jikoni. Tope linajaa sakafuni, na nyaya za umeme zimelala humo humo. Unataka wafe kwa kikohozi au kwa shoti?

Mimi nilikata kavu miaka kumi na mitano kabla sijawa na karakana, na bado naweza kufoka toka asubuhi hadi jioni bila kuomba maji. Kila kazi ina alama yake mwilini. Mshonaji ana mgongo, mwalimu ana koo, mpishi mikono yake imeungua, wewe una shingo. Mbona humwendei bosi wako akununulie shingo mpya? Kitinda anavuta sigara. Anza na hilo.

Kaka yako, mwenye karakana


3 Machi

Kaka,

Hujambo? Safari hii nauliza kweli, kwa sababu nataka uwe na nguvu za kusoma hadi mwisho. Kitinda si mzima. Sigara aliacha mwaka juzi. Ungejua kama ungekuwa unamtazama usoni badala ya mikononi.

Kuna daktari mpya wa vifua, mama mmoja mkali ambaye nilimpenda papo hapo. Alitazama picha, akaikamata mikono ya Kitinda ile iliyopasuka, akauliza, "Karani gani huyu mwenye viganja hivi?" Maana kwenye kadi yake, mahali pa kazi, pameandikwa karani! Miaka minne madaktari wamelisoma hilo neno na hakuna aliyewaza mawe. Karani mwenye madoa kifuani, basi ni kifua kikuu, ameze vidonge, aende.

Nani alimwandika karani? Nakujua. Umewaandika wote hivyo ili wakaguzi wa kazi wasije kukuhesabia mashine.

Daktari alipombana, Kitinda alisema mawe anayagusa "mara moja moja tu". Anakulinda, mpumbavu yule mpenzi. Na jopo la hospitali halibadilishi jina la ugonjwa kwenye faili kwa maneno ya kuokota. Linataka barua ya mwajiri: anafanya kazi gani, tangu lini, jiwe gani, kavu au kwa maji. Mpaka barua ifike, atameza dawa za ugonjwa asio nao na kurudi kwako kila asubuhi kuvuta vumbi.

Mistari minne. Andika.

Dada yake Kitinda


12 Machi

Kwako,

Afya yangu iache.

Kadi ile sikuiandika mimi. Sijawahi kukanyaga hospitali ile. Aliyempeleka siku ya kwanza ni nani? Ulikuja hapa na miwani yako mipya, ukamkuta Kitinda mweupe kama aliyemwagiwa unga, ukamwambia akaoge kwanza maana huwezi kuongozana na mtu wa namna hiyo. Jioni alirudi akatusimulia, tukacheka mpaka mashine zikazimwa. "Dada kanipandisha cheo! Mwalimu wangu wa zamani alikuwepo kwenye foleni, dada akaona haya, akajaza mwenyewe: karani." Yeye alidhani ni mzaha. Sisi pia. Mpaka leo mafundi wakitaka kumchokoza humwita Bwana Karani, na anaitika.

Kwa hiyo kabla hujaninyooshea kidole, kaangalie mwandiko.

Barua siandiki. Nikiandika, wakaguzi watakuja, na hapa kuna mafundi saba wenye watoto. Utawalisha kurasa?

Kaka yako


30 Aprili

Kaka,

Salamu. Nimekaa wiki saba bila kukujibu; siku ile ya kwanza hospitalini nilikuwa nimeisahau, au nilijisahaulisha.

Nilikwenda masjala ya hospitali, wakanitolea kadi. Mwandiko ni wangu, hata ile k yenye mkia ninayowakemea waandishi wangu kila siku waiache. Miaka ishirini na miwili nawasahihisha watu wazima, wengine wenye majina makubwa, nawapigia kelele kwa koma iliyokaa vibaya. Na kwa mkono huo huo nikamwandika ndugu yangu uongo, kwa sababu niliona haya mbele ya mwalimu mmoja ambaye hata hakututambua. Nililionea haya vumbi lililomlisha mama yetu mpaka siku anakufa.

Nimekwisha kusema. Usingoje nilie kwenye karatasi hii; nimelia kwingine. Neno nimelifuta, nimeandika mkata mawe, nimetia sahihi. Daktari ameniamini. Lakini jopo halitaki mwandiko wa dada aliyekwisha kudanganya mara moja, na sina ubavu wa kuwalaumu.

Nimemzuia Kitinda hapa kwangu, harudi kazini. Analala ameketi, mito mitatu mgongoni. Akizungumza hukata sentensi katikati apumue, na hizo pumzi chache anazitumia kukutetea wewe. "Kaka hakujua," anasema. Haya, hukujua. Sasa unajua. Uongo wangu niliuandika siku moja. Wako unaufungulia geti kila asubuhi. Mafundi saba wenye watoto, umesema. Watoto hao watalelewa na nani baba zao wakianza kulala wameketi? Na wewe unayejigamba kufoka kutwa bila kuomba maji, utamfokea nani katika karakana ya wagonjwa?

Nina haki ndogo ya kukukemea kuliko nilivyodhani Februari. Nakukemea hivyo hivyo.

Dada yenu


9 Mei

Mdogo wangu,

Salamu sina. Mpe daktari karatasi hii, na usisahihishe hata nukta.

"Kwa daktari wa vifua. Mtu huyu ni mdogo wangu wa mwisho. Amekata mawe kwenye karakana yangu tangu amalize shule, miaka kumi na mmoja, siku sita kwa wiki, saa tisa kwa siku. Ni jiwe gumu la kuweka juu ya meza za jikoni. Linakatwa kavu. Wakati wa upepo tunafunga milango, kwa sababu majirani walilalamika kuwa vumbi linawaingilia. Anafunga kitambaa puani. Wapo wengine saba wanaofanya kazi hiyo hiyo. Aliyewafundisha wote kukata kavu ni mimi."

Umeridhika?

Kaka yenu


27 Juni

Kaka,

Salamu, na ujikaze.

Jopo limekaa. Si kifua kikuu, na huenda hakikuwa tangu mwanzo. Ni vumbi la mawe. Mapafu yake yameota makovu, na makovu hayo hayatoki kwa dawa wala kwa maombi. Yaliyobaki mazima ndiyo ya kulinda. Vumbi asiliguse tena maisha yake yote. Vidonge vimesimamishwa. Kitinda alipoambiwa akasema, "Kwa hiyo daktari, nimekojoa rangi ya machungwa kwa vidonge hivyo... miaka yote hii... bure?" Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, daktari mwenyewe akamshika mgongo mpaka kikapita.

Baadaye usiku aliniuliza mtu wa miaka thelathini asiyeweza kubeba kitu anaajiriwa wapi. Mimi mjuaji wa kila kitu nikawasha redio.

Daktari anawataka mafundi wote saba wapigwe picha. Na wewe. Ile miaka kumi na mitano uliyonitambia ndiyo iliyomfanya akuweke wa kwanza kwenye orodha. Usidhani nakubembeleza. Sijakusamehe, na mimi sijajisamehe. Hatuna haja ya kupendana ili uende hospitali.

Dada yenu


18 Agosti

Mdogo wangu,

Hujambo? Usichangamke, si suluhu.

Wakaguzi walikuja kama nilivyosema. Wametia mashine zote minyororo mpaka maji yawekwe. Kwa hiyo umeshinda. Washa redio yako.

Lakini kabla hawajaja niliwapakia mafundi wote saba kwenye pikapu nikawapeleka. Kila mmoja alipoulizwa kazi, nilisimama nyuma yake mpaka aitaje. Wanne wana madoa. Kipara, ambaye nilianza naye wakati hatuna hata paa, analo doa la ukubwa wa ngumi, na bado ananiuliza tunafungua lini. Nilimtukana. Halafu nikaenda kukaa ndani ya gari.

Na mimi nilipigwa picha. Majibu yangu yamo kwenye bahasha, na bahasha imo mfukoni mwangu siku ya kumi na mbili leo. Naitoa, nairudisha. Usinipelekee kwa daktari wako mkali, na wewe mwenyewe usinifungulie. Nakujua, utaanza na mwandiko. Nataka mtu wa kwanza kujua hali ya mapafu yangu awe yule niliyemharibia yake. Akitaka kucheka, acheke. Akitaka kukataa kuifungua, mwambie sitauliza sababu.

Mlete Jumamosi asubuhi. Njooni kwa teksi. Ofisi yangu iko juu, ngazi kumi na nne, na atataka kuonyesha kwamba anaweza. Mshike. Mkalishe kwenye benchi la nje, mwambie asiinuke, kisha wewe urudi kwenye teksi.

Nitashuka mimi.

Kaka yenu