Kunguru Wamemjua Shemeji Yako

Nyumba ya Kona,
Nyuma ya Machinjio.
Jumapili mchana

Mpendwa kaka,

Pokea salamu za nyumba nzima. Kifua kimepona? Baridi ya huko usiifanyie mzaha. Sisi wazima, ila magoti yanamsumbua mama. Fimbo hataki kuisikia, ati hajazeeka kiasi hicho.

Shemeji yako amepata kazi manispaa: kutega kunguru. Usicheke. Ni wale wenye shingo ya kijivu, ambao utotoni hatukuwajua. Sasa wameujaza mji. Wanakula mayai na makinda ya ndege wengine, na chiriku wa uani kwetu hawasikiki tena.

Mwanzoni mtego ulinasa vizuri. Kisha wakamjua. Akifungua mlango tu, mmoja analia na mtaa mzima unaitikia. Alibadilisha nguo, akavaa kofia, wapi! Mwenzake wa kazini wanampita, yeye wanamshukia utosini. Akatania, "Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Hapa mwoga ni mimi, na ubawa sina."

Mwezi uliopita manispaa ikaamua kutumia nyama yenye sumu. Daktari wa mifugo alisisitiza isimamiwe na mabaki yaokotwe yote, wasije wakafa mbwa na mwewe. Shemeji yako aliisimamia mwenyewe. Kunguru walidondoka juu ya mabati mpaka jioni. Majirani walifurahi. Yeye hakugusa chakula.

Kukawa kimya, kaka, kimya kizuri. Ndege wawili wadogo, wale waitwao chozi, wakaja kujenga kiota kwenye kamba yetu ya nguo. Mama akapiga marufuku kuanika. Tukazoea kuvaa nguo mbichi, na makinda yakatoka.

Juzi kunguru wamerudi, sijui kutoka wapi, wengi kuliko wa kwanza. Nyama ya sumu hawaigusi. Na hawalii, ndilo linalonitisha. Wamejipanga ukutani wanatazama kiota.

Tangu alfajiri shemeji yako amekaa kwenye kigoda chini ya kamba, ufagio mkononi. Nimemwita aingie ale. Akasema taratibu, "Nikiinuka, mke wangu, wanashuka."

Sasa mvua imeanza, namwona dirishani. Hajainuka. Na wao hawajaruka.

Msalimie wifi na wanao. Mama anakuombea, na shangazi anauliza utarudi lini. Mungu akufunike popote ulipo.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na kukuwaza kila siku.