Jumamosi Napewa Kombe

Jumapili, 16 Septemba 1956

Nimeshinda maili jana na leo bado siamini! Mwalimu Matar, ninayekaa kwake, kaniambia tulipokuwa tunakunywa chai: Jumamosi ijayo skuli inawatunza kwa zawadi wanamichezo bora, na kombe la mbio ni langu. Yeye mwenyewe atatunzwa pia, kwa kutufundisha michezo miaka yote hii bila ya mtu kumwambia ahsante. Kayasema hayo kama anataja bei ya muhogo. Lakini mkewe, Bi Sichana, kaniita pembeni kunionesha kanzu ya mumewe – ishapigwa pasi, na hafla bado wiki nzima!

Nikatoka mbio mpaka Darajani kumtafuta Usi, jamaa yetu, utingo wa gari la Mkokotoni. Gari lishaanza kuondoka. Nikampigia kelele: mwambie mama Jumamosi napewa kombe, aje! Kanipungia mkono.

Mama akiliona hilo kombe labda roho yake itatulia. Tangu kaka Simai afe huku mjini, kila nikimuaga hanipi mkono, ananikamata. Nami nimebakisha mtihani wa Cambridge tu, Disemba. Nikifaulu, nasomea ualimu.

Jumatatu, 17 Septemba

Homa. Jua linachoma nje na mimi natetemeka chini ya blanketi. Sikwenda skuli.

Jumatano, 19 Septemba

Kalamu nzito. Kichwa kinapasuka. Bi Sichana ananifuta maji, ananinywesha ndimu. Anasema nilikuwa naweweseka namwita mama. Mwalimu kawaambia skuli nimekwenda shamba kumtazama mama. Wakijua naumwa watanilaza hospitali, na Jumamosi ndiyo ishakwenda.

Alhamisi, 20 Septemba

Nimepona! Homa imetoka na jasho, shuka chepechepe. Nimekula bakuli zima la uji, nikaomba jengine. Hamdulillahi. Mwalimu kasema hili limekwisha, lisitoke nje ya nyumba hii. Kwani nani atauliza?

Ijumaa, 21 Septemba

Mama kaja. Ya Rabbi, leo sina raha hata chembe.

Nilikuwa barazani napiga viatu rangi. Nikamwambia shikamoo, hakuitikia. Kanishika uso, kanishika kifua, kanipapasa miguu, kisha kakaa chini hapo hapo barazani na buibui lake, akalia. Nikampokea kikapu. Ndimu. Zafarani. Marashi. Sahani nyeupe. Na chini kabisa bafta nyeupe imekunjwa – kaifunika haraka, lakini nshaiona. Kaja na sanda yangu.

Kombe! Mimi nilisema kombe la fedha, yeye kasikia kombe la kunywa – aya zinazoandikwa kwa zafarani kwenye sahani, zikaoshwa kwa maji, akanyweshwa mgonjwa aliyeshindikana. Ndilo alilonyweshwa Simai. Alipofika mama, mwanawe keshazikwa. Na Usi masikini ya Mungu kaufikisha ujumbe kama nilivyomtuma, hakuongeza wala hakupunguza.

Nikacheka. Mwalimu naye kacheka. Mama hakucheka.

Kumbe alikuwa kisiwani Tumbatu kwa shughuli ya jamaa, habari zikamfikia Jumatano. Hapo hapo akaweka nadhiri: Mola wangu, niponyeshee mwanangu Hija, nami namtoa mjini, hatorudi tena. Alhamisi alitaka kuvuka, bahari ikamkatalia.

Jumatano kaweka nadhiri. Alhamisi mimi nimepona.

Mwalimu kawahi: "Bi Wanu, mtoto huyu hakuumwa hata siku moja." Akaenda msikitini, baada ya sala kamuuliza sheikh, karudi uso unang'ara. Kasema sheikh kamwambia nadhiri ile imefungwa kwenye ugonjwa. Asiyeumwa hakuponywa, na mama hadaiwi kitu.

Mama hakumtazama yeye. Kanitazama mimi. Nikainama nikaendelea kusugua viatu, na vilikuwa vishang'ara zamani.

Jumamosi, 22 Septemba

Nimelipata. Zito kuliko nilivyodhani. Bibi wa Kizungu kanipa mkono, watu wakapiga makofi. Mwalimu Matar kapewa saa ya ukutani. Nikamtafuta mama upande wa wanawake. Alikuwa anatabasamu! Mara ya kwanza tangu Simai.

Kisha mwalimu mkuu akasimama kumsifu Mwalimu Matar. Kasema huyu ni mlezi hasa, si wa mbio tu. Hata wiki hii, kabla ya siku kubwa kama hii, kampa Hija ruhusa akae shamba siku tatu kumtazama mama yake.

Makofi tena. Mama alikuwa kashausitiri uso kwa buibui.

Tulipofika nyumbani ndio kaniuliza, taratibu, shamba gani nililokwenda. Mwalimu kamsihi – kazungumzia kafara ya nadhiri, kulisha masikini, yeye mwenyewe atatoa, mtoto amalize mtihani tu. Karibu apige magoti. Mama kamwambia, "Mola kanilipa, Mwalimu. Mimi nimdhulumu?"

Kisha kanigeukia. Kasema hatomuuliza mtu mwengine. Niape tu: wallahi sikuumwa. Nikiapa, kesho anapanda gari peke yake. Nisipoapa, tunapanda sote. Kaingia ndani kusali Magharibi.

Neno moja tu! Nalisema kila siku mtaani, wallahi ya mpira, wallahi ya mzaha, bila ya kufikiri. Leo si mzaha. Nikiapa, nalitaja jina Lake kwa uongo, na Yeye ndiye aliyenitoa kwenye homa. Nisipoapa, hapana mtihani, hapana ualimu, nimekwisha. Mola wangu, nifanye nini?

Mwalimu kapita hapa na saa yake kwapani. Hajaitundika. Hakuniangalia. Na kombe langu liko mkekani karibu ya kikapu. Mama kishatia ndimu zake ndani, zisimwagike garini.

Mama katoa salamu, sala imekwisha. Ananiita.

Nimeitika, "Naam."

Kisha, polepole, kutoka chumbani: "Naam ya kuitika, mwanangu, au naam uliumwa?"

Anangoja. Na mimi bado naandika.