Taa ya Volti Kumi na Mbili

Jumatatu, 4 Machi
Swichi ya mashine ya kukandia unga imekufa. Dukani hakuna yenye taa ya volti ishirini na nne, nimerudi na ya kumi na mbili. Swichi yenyewe haina neno, ni kile kitaa cha LED ndani yake kinachotaka rezista ya kupunguza umeme, kisiungue. Sina. Msimamizi kasimama mlangoni, unga umeshapimwa. Nikaunga hivyo hivyo. Iliwaka nyekundu kali mno! Wifi yangu, mke wa kaka, ndiye mkandaji. Alicheka, eti sasa hata akisinzia ataiona. Rezista kesho.

Jumatano, 6 Machi
Sijaweka. Taa imefifia kidogo. Kesho.

Alhamisi, 7 Machi
Wifi kaumia. Mashine hukanda, hutulia dakika tano, kisha huanza tena yenyewe. Ndiyo kazi ya ile taa – ikiwaka, mtu haingizi mkono hata kama mashine imetulia. Leo ilikuwa imeungua. Akadhani mashine imezimwa, akaingiza mkono kubandua unga. Vidole viwili, mkono wa kulia.
Kaka alikuja hospitali na ndala zisizofanana. Akaniuliza imekuwaje, maana fundi ni mimi. Nikasema sijui.

Ijumaa, 8 Machi
Nimefika kazini kabla ya wenzangu. Nimebadilisha swichi, safari hii na rezista. Dakika kumi. Dakika kumi tu!
Saa nne msimamizi akaja kukagua. Akawasha: taa hiyo, inawaka. Akaandika kwenye ripoti, uzembe wa mfanyakazi. Nilikuwa pembeni yake, nimeshika bisibisi.

Jumapili, 10 Machi
Nimekwenda kumwona wifi. Nimemchana nywele, mwenyewe hawezi. Kesho anatakiwa apeleke maelezo yake kazini, na kuandika hawezi pia. Akaomba nimwandikie. Nikamuuliza niandike nini. Akasema:
"Wifi, mimi niliona taa imezimika. Lakini wanasema ilikuwa nzima. Labda ni macho yangu. Andika nilikosea."
Nikasema nitaandikia nyumbani, nitulie. Akanishukuru! Mimi!
Karatasi iko hapa mezani. Nimeandika jina lake, na mstari mmoja: Taa ilikuwa imezimika. Hadi hapo ni kweli. Baada ya hapo mkono umegoma.
Kaka kapiga simu, yuko njiani kuichukua.
Anabisha hodi.