Kufuli Mbele, Kondoo Nyuma

Mpendwa kaka Wafula,

Huko Nairobi uliko natumaini unalala katika nyumba yenye kuta nne. Yetu imebaki na tatu na nusu.

Wiki jana nilitoka hapa Saboti, karibu na Kitale, nikaenda nyumbani Malakisi na binti yangu mgongoni, yule niliyempa jina la mama. Ameanza kutembea. Nilitaka akanyage pale tulipojifunzia sisi. Nikakuta kufuli lako mlangoni, kubwa kama la ghala la mahindi. Jirani yetu Mama Simiyu aliniona nikilitikisa, akacheka mpaka kitambaa kikamdondoka kichwani.

"Mwanangu, si uzunguke nyuma? Kondoo wangu hupitia huko, na hawajawahi kuitisha ufunguo."

Ufunguo uko mfukoni mwako. Na mimi niliyezaliwa mle ndani niliingia kwetu nimeinama, kwa shimo la kondoo. Mtoto alidhani ni mchezo, akacheka sana. Mimi nililia. Kwa hasira, kaka, usije ukadhani ni huzuni.

Umesahau Desemba zetu? Shule zikifungwa, mama alitugawia kuta za kupaka kabla ya Krismasi. Wewe kifungua mimba ulipewa ukuta wa mbele, unaotazama barabara. Dada Nafula, wa upande wa jikoni. Mimi kitinda mimba nikapewa ule wa nyuma, na tena chini tu, pale kuku walipojikuna. "Mfupi, tusalimie kuku!" Nafula alinitania hivyo mpaka nikamrushia matope. Tulikanyaga udongo na mavi ya ng'ombe kwa miguu, wewe ukiimba vibaya kwa makusudi ili mama acheke.

Na ni wewe uliyenishika mkono ukanionyesha. "Usisimamishe mkono katikati. Upeleke mpaka mwisho wa ukuta. Ukisimama, ufa utaanzia hapo."

Nilikuamini. Mpaka leo nikipaka jiko langu, hata mtoto akilia, namwambia angoje nifike kwa kona. Mama mkwe aliniuliza nani alinifundisha kazi safi hivi. Nikasema, kaka yangu. Nilisema nikijivuna!

Sasa tangu tumzike mama hutaki mtu aguse hiyo nyumba. Nilikupigia simu nikiwa mle ndani, jua likiniangalia kupitia ukuta.

"Ati upake matope? Mimi nitajenga ya mawe, bana."

"Lini?"

"Pole pole."

"Mvua haijui pole pole, kaka."

Ndipo ukalitoa lile neno. "Na wewe si uliolewa? Kwenu ni huko Kitale."

Nimerudi nalo hilo neno na limekataa kushuka kooni. Sikuombi shamba. Sitaki kugawiwa chochote. Nataka nyumba isimame mpaka huyu mtoto afike umri wa kuikumbuka. Jenga ya mawe, jenga hata ghorofa, mimi nitakuja kupiga vigelegele. Lakini ya udongo isipopakwa haimngoji mtu. Inajiangusha yenyewe, halafu mwenye kosa anasema ni mvua. Wewe hukuibomoa, najua. Uliifunga tu ukaenda zako.

Dada Nafula, huko kwake Kibabii, bado anakuogopa. "Mkubwa akisema, amesema," ndio wimbo wake. Lakini nilipomweleza habari ya kondoo aliniuliza, "Mavi ya ng'ombe tutatoa kwa nani?" Hapo nikajua tumeshakubaliana. Mama Simiyu ameahidi kutupatia. Anasema ni kodi ya kondoo wake.

Kwa hivyo Desemba hii tunakuja. Tutaziba shimo. Nafula atapaka upande wake, nami nitapaka wangu, chini mpaka juu, siku hizi nafika. Binti yangu atapaka pale kwa kuku.

Ule wa mbele hatutaugusa. Ni wako. Wapita njia watauona ulivyo, na wakiuliza ni wa nani, nitawaambia jina lako.

Kufuli kaa nalo. Matope tutakubakishia. Njoo umalizie pale uliposimamisha mkono.

Naachia hapo, mtoto ananivuta kalamu. Ubaki salama, na ujue hasira yangu haijaisha.

Mimi mdogo wako,
wa ukuta wa nyuma.