Kiingereza Changu Hutoka Nikimpa Mtu Mgongo

Runzewe, kupitia Ushirombo
2 Mei 1974

Mpendwa Mshauri,

Tumsifu Yesu Kristo. Nahitaji msaada wako, na kabla hujaendelea kusoma nakuomba ukae kitini, kwa sababu jambo langu ni refu na kila niliyemweleza amecheka akaondoka kabla sijafika mwisho.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na sita, nina mume na watoto watano, mkubwa ni Klara ambaye ameshaolewa. Nimesoma hadi darasa la nne kwa masista, na huu ni mwaka wa kumi na moja nikiwa mhudumu katika hospitali ya misheni, kazi yangu kutandika vitanda, kulisha wasiojiweza, kumwaga yanayotakiwa kumwagwa, na zaidi ya hayo kusema na wale mabibi wanaoletwa kwa baiskeli kutoka mbali, ambao hawajui Kiswahili, wanajua Kisukuma tu, nao wakinisikia wananiita mayu, yaani mama, na wanatulia.

Mwezi wa kwanza tuliletewa daktari mpya, Mholanzi, mtu mpole sana, hana Kiswahili hata cha kuomba maji, anasema Kiingereza. Anayemtafsiria ni Sista Mkuu, naye Sista amezeeka, mwezi wa sita anarudi kwao kupumzika. Basi alituita wahudumu wote akasema anataka mmoja wetu asimame kando ya daktari kila asubuhi anapopita vitandani, na asipopatikana ataajiriwa kijana wa Moshi ambaye ameshaomba kazi, na mimi niliye mkubwa kuliko wote nitahamia kufua shuka. Kufua si aibu, nimefua maisha yangu yote, lakini huyo kijana Kisukuma atakitoa wapi, na bibi mwenye maumivu asiyeeleweka atalala nayo mpaka asubuhi. Hilo ndilo linaloninyima raha, si shuka.

Sista alitoa sharti moja tu, kwamba huyo mtu ajue "he" na "she", ajue "his" na "her", asichanganye. Alisema hivyo kwa sababu mwenzetu mmoja aliwahi kumweleza daktari habari za mzee Makoye mwenye ngiri, akamwita "she" mwanzo hadi mwisho, daktari akaenda kumtafuta wodi ya wazazi, kitanda hadi kitanda, nusu saa nzima. Sisi lugha zetu ni yeye tu, mwanamume yeye, mwanamke yeye, shati lake, gauni lake, na hakuna anayepotea, lakini Kiingereza kinataka ujue kwanza mwenye shati ni mume au ni mke ndipo uruhusiwe kusema kwamba shati ni lake.

Darasa la Kiingereza lipo, Jumanne na Alhamisi saa kumi jioni, katika jengo la katekesimu, tena bure. Mwalimu ni mmoja tu hapa kwetu mwenye Kiingereza na moyo wa kukigawa. Na mwalimu huyo, Mshauri, ni mkwe wangu. Ni mume wa Klara. Jina lake siwezi kulitamka na kwa hiyo hata kuliandika siwezi, utanisamehe.

Sijui wewe ni mtu wa wapi, labda kwenu mkwe na mama mkwe hula sahani moja. Kwetu hatutazamani usoni, hatukai chumba kimoja, tukikutana njiani mmoja anaingia porini mpaka mwingine apite. Si uadui, ni heshima. Huu ni mwaka wa pili tangu amwoe Klara na sura yake siijui vizuri, namjua kwa viatu.

Siku ya kwanza niliingia darasani sijui kitu, nikaona vile viatu. Mwalimu naye akaangusha chaki, akainama kuitafuta chini ya meza, akaendelea kuitafuta huko mpaka nilipotoka. Nikakaa nje chini ya dirisha, mgongo ukutani, na ungo wa karanga mapajani ili anayepita aone nina shughuli. Nilidhani nasikiliza kwa wizi, lakini Alhamisi nilipokuja nikakuta ubao umehamishwa umewekwa karibu na dirisha, na sauti ya mwalimu imepanda hata waliokuwa kisimani wanamsikia.

Yeye hufundisha kwa kushika vitu. Anachukua kofia ya mzee Ngassa, anauliza ni ya nani, darasa linajibu, "It is his hat." Anachukua kikapu cha Febronia, "It is her basket." Huyu Febronia ni mhudumu mwenzangu, yeye alikaa ndani penye dirisha, na zamu yangu ikifika mwalimu anautazama ubao na kusema, "Na mtu mwingine?" Febronia anatoa kichwa nje: "Mama Klara, ameshika mwavuli wa dada Sikujua, unasemaje?" Nami najibu huku nikiwatazama kuku wa padre, "It is her umbrella." Mwalimu anauambia ubao, "Very good." Daftari langu lilikwenda kwa mkono wa Febronia, halina jina, likarudi na wino mwekundu, na mwezi wa tatu nilipata ishirini kwa ishirini.

Zamu niliyoikosa ni moja tu, ya "you" na "your". Wenzangu ndani walielekeana wawili wawili, hii ni pua yako, hili ni sikio lako, wakashikana pua na masikio wakacheka, mimi nje nitamshika nani, kuku?

Sasa nafika penye aibu. Kuna neno "their", maana yake ya watu wale, na mwanzo wake unatokea mahali kinywani ambapo Kisukuma chetu hakina mlango. Febronia alijaribu kunionyesha, lakini Febronia mwenyewe ana pengo. Basi Alhamisi moja kabla ya Pasaka niliweka ungo chini, nikainuka, nikachungulia dirishani nione ulimi wa mwalimu unakaa wapi. Nikauona. Na yeye akaniona. Macho kwa macho, Mshauri, na ulimi wake ungali kati ya meno. Akafunga kitabu, akasema kwa Kiswahili kwamba leo tunaishia hapo. Tangu siku hiyo hajarudi, inasemwa anaumwa koo, na watu kumi na mmoja hawana mwalimu kwa ajili ya macho yangu.

Nilikwenda kuungama parokia ya jirani. Padre kule nyuma ya wavu akaniuliza, "Mama, dhambi yenyewe ni ipi?" Nikamweleza upya. Akasema hiyo hajawahi kuisikia, ila kwa kuwa nimetembea maili sita basi nisali makumi mawili ya rozari.

Wiki baada ya Pasaka Sista akanijaribu. Kitandani alikuwa Nyamizi, mwanamke aliyevimba mguu, daktari yuko mbele yangu, Sista pembeni. Nikafungua kinywa, hakuna kitu, Kiingereza chote kimekwenda. Nikageukia dirisha ili nimwombe Mungu anisaidie, na nilipompa daktari mgongo kikatoka chote, "She has pain in her left leg. Her husband brought her on his bicycle." Hakuna kosa hata moja, Sista mwenyewe alisema. Daktari kwa adabu yake akazunguka kitanda aje mbele yangu, nami nikageuka, akazunguka tena, nikageuka tena, mpaka Nyamizi akasema, "Mayu, mnanitia kizunguzungu." Sista akanishika bega taratibu, akasema, "Mektilda, daktari anauliza amekukosea nini."

Amenipa nafasi ya mwisho, Jumatatu baada ya Pentekoste. Nikishindwa, barua ya kijana wa Moshi inajibiwa.

Nyumbani nako hakuna amani. Mume wangu Alois anasema, "Kiingereza gani hicho cha kuongea na kuku? Achana nacho." Klara naye alikuja Jumapili akalia jikoni.

"Mama, kisimani wananiuliza kama umeshakuwa mke mwenzangu."

"Nani anauliza?"

"Wote!"

"Na mwenzio anasemaje?"

"Hasemi. Anakunywa chai ya tangawizi."

Sasa niambie wewe. Niache, nikafue shuka, heshima ya mwanangu ikae salama? Au niendelee, na nikiendelea nitamwombaje radhi mtu ambaye siwezi kumtazama wala kumtaja? Jina langu lichapisheni tu, watu wa Runzewe wanajua tayari.

Ni mimi katika Kristo,
Mektilda, Mama Klara

*

Milele amina, Mama Klara. Nilikaa kitini kama ulivyoagiza na nimefika mwisho bila kuondoka. Kucheka nimecheka, nisikudanganye.

Pole. Sasa sikiliza.

Hilo la kuchungulia umeshaliungama, padre ameshalipokea kwa shida, rozari umeshaisali. Mbona unaniletea mimi tena? Ulitazama ulimi wa mwalimu kwa sababu somo la siku ile lilikuwa ulimini. Limekwisha. Usilitaje tena, hata kwa Febronia, hasa kwa Febronia.

Lakini ugomvi ninao. Umenijazia kurasa sita za aibu yako, na huyo mkwe wako umempitia juu juu kama vile viatu vyake. Hebu soma tena uliyoandika kwa mkono wako mwenyewe. Mtu huyu alihamisha ubao. Alipewa daftari lisilo na jina, akalisahihisha mpaka nukta ya mwisho. Alipaza sauti miezi mitatu ili ipite dirishani ikufikie, na leo unashangaa kwamba anaumwa koo! Usidhani ni kisingizio, mama. Koo lile ni lako. Asiyekuheshimu angefunga dirisha tu, na hakuna ambaye angemlaumu.

Kwa hiyo usiende kumwomba radhi wewe mwenyewe, utamrudisha chini ya meza. Ninyi mna njia zenu za kupeleka neno kwa mkwe, shangazi yake Klara yupo, wazee wapo, wao wanajua namna. Neno liwe fupi: mama anashukuru, na darasa linamngoja. Pelekeni na chupa ya asali. Akipona, rudi chini ya dirisha lako na ungo wako, wala sikuambii uingie ndani. Wewe na yeye mlikuwa mmeshaielewa mila yenu mkaishi nayo vizuri. Wanaoisumbua ni hao wa kisimani.

Klara, najua utasomewa hili, kwa hiyo nakusemesha na wewe. Acha kulia jikoni kwa mama yako. Wakikuuliza tena, wajibu kwamba mama yako anasoma ili bibi zao wakilazwa waeleweke. Kisha mwulize huyo anayecheka zaidi, bibi yake hajambo?

Turudi kwako, Mama Klara, kwenye ugonjwa wa mgongo. Umejifunza lugha miezi mitatu huku umempa mwalimu kisogo, sasa mwili wako unaamini ndivyo Kiingereza kinavyosemwa. Si kurogwa, ni mazoea, na dawa yake ni mazoea mengine. Ulikosa mtu wa kumshika pua. Je, nyumbani kwako hakuna pua?

Kila jioni, kabla ya chakula, mkalishe Baba Klara kwenye kigoda. Ugali ubaki jikoni mpaka mmalize. Siku tatu za kwanza mpe mgongo kama ulivyozoea, useme yote unayoyajua. Siku tatu zinazofuata mpe ubavu. Siku ya saba mgeukie, mtazame, mshike pua umwambie, "This is your nose." Mshike sikio. Mshike ndevu kama anazo. Yeye naye akushike yako akuambie vivyo hivyo, na asipojua umfundishe. Mmekaa pamoja miaka mingi na kuzaa watoto watano, na sijapata kusikia mila inayomkataza mke pua ya mumewe. Akikuambia hataki Kiingereza cha kuongea na kuku, mjibu kwamba hata gazeti limesema kuku wapumzike, sasa ni zamu yake.

Fanyeni hivyo bila kuruka siku hadi Pentekoste. Mkicheka, chekeni, lakini usigeuke.

Jumatatu yenyewe vaa sare safi, na sala zako zimalize nyumbani ili usipate sababu ya kutafuta dirisha. Atakayekuwa kitandani mwulize kwa Kisukuma anaumwa wapi, mwache aseme mpaka amalize, maana hilo kijana wa Moshi hataliweza hata akisoma miaka kumi. Kisha mgeukie daktari. Akizunguka, zunguka naye. Mtazame usoni, mwambie "you" waziwazi, mwambie mgonjwa wake anataka nini.

Huyo hajaoa kwako.