Nasri akisema "sisi"

Sib, Maskati, Jumatatu, baada ya Isha

Sisi! Ati sisi. Neno lenyewe bado linanikera.

Mwanangu Nasri kapiga simu kutoka Uchina, huko anakowakanda misuli wachezaji wa klabu ya mpira wa kikapu. Salamu hazijesha, kaanza: "Mama, sisi tuliuacha mji wetu, tukaja ugenini, hata jina tukabadilishwa. Mwanzo wenyeji hawakututaka. Leo wanatupenda!"

Moyo ukanijaa. Nikadhani anasimulia watu wetu walivyotoka Unguja wakaja Maskati. Nikamwita dada yake, "Rahma, njoo! Kaka yako kakumbuka kwao!"

Rahma akasikiliza kidogo, akacheka mpaka akakaa chini. "Mama we! Anazungumzia klabu yake. Ilikuwa timu ya kiwanda, tajiri akainunua, akaihamisha mji."

Nami nilishaanza kulia.

Makocha wote wa zamani Nasri anawajua kwa majina. Bibi yake kazaliwa mtaa gani Unguja, hajui, wala hajapata kuuliza. Mtu mzima mimi, nnaionea wivu timu ya mpira. Basi nnaionea, nifanyeje?

Na mkataba wake unakwisha karibuni. Wanataka abaki. Kumuuliza kama atarudi, ulimi mzito, nnaogopa atakachosema.

Nimemtumia sauti tu kwenye simu: "Baba, na wale watu wa mji mliouhama, mlirudi hata siku moja kuwaona? Nijibu upesi, mwanangu."